Nzito kwa Mkono, Nzito kwa Mguu

Mzee wa Bondeni anayenitengenezea baiskeli hapa Nakuru si mtu wa maneno mengi. Siku niliyompelekea baiskeli yangu ya milimani nikilalamika kwamba ni nzito, hakuuliza ni ya aina gani wala niliinunua kwa nani. Aliendelea kunyoosha rimu ya mtu mwingine, akikaza spoki moja na kulegeza ya pili, kisha akasema bila kuinua uso:

"Nzito kwa mkono ama nzito kwa mguu?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Ukiinua inakulemea, ama ukikanyaga inakulemea?"

Nilikuwa nimekuja na orodha kwenye simu: usukani wa karboni, boliti za titani, tairi za kukunjwa. Sikuwa na jibu la swali lake. Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa mambo mawili, na mtu akisema "baiskeli hii ni nzito" huwezi kujua kama anasema habari ya mizani au habari ya pedali. Pesa nyingi za waendesha baiskeli hupotelea katika pengo hilo. Mtu huhisi uzito kwenye mguu, halafu huenda dukani kununua dawa ya uzito wa mkono.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwa mjomba, Ahero. Ana Black Mamba, zile baiskeli nyeusi za chuma ambazo ndugu zake zilibeba abiria na magunia kule mpakani Busia mpaka neno boda boda likazaliwa. Keria yake peke yake inaweza kubeba gunia la mahindi. Ukiinua baiskeli yenyewe, mgongo unakuuliza ulichokuwa unatafuta, maana ni zaidi ya kilo 20. Lakini niliwahi kuondoka naye Ahero kwenda Kisumu asubuhi moja, kilomita 20 na kitu za tambarare za Kano, mimi juu ya baiskeli ya alumini yenye gia 24, yeye juu ya chuma chake chenye gia 1. Alinisubiri mara mbili. Tairi zake ni nyembamba, hazina meno, zimejaa upepo, na ekseli zake hupata grisi kabla ya yeye mwenyewe kupata chai. Ni nzito kwa mkono, lakini kwa mguu ni nyepesi kabisa.

Mlete mjomba huku kwetu kwenye mlima, mambo yanageuka. Kutoka mjini, ambako tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa kreta ya Menengai ni kilomita kama 8, na kilele kiko mita 2,278. Hapo mizani inaanza kuwa na haki yake. Swali ni haki kiasi gani.

Hesabu yake si ngumu. Nilisimama kwenye mizani ya bafuni nikiwa nimebeba baiskeli, halafu bila baiskeli, nikatoa. Baiskeli ilikuwa kilo 15.3, mimi 76. Ongeza maji, pampu, spana na begi, jumla inakaribia kilo 94. Hicho ndicho kitu kinachopanda mlima. Mlima haujui hata kidogo kilo ipi ni ya fremu na ipi ni ya tumbo. Kuinua kilo 1 kwa mita 400 kunahitaji nishati ya takribani kilojuli 4, kwa hiyo kilo zote 94 zinataka karibu kilojuli 370. Ikiwa miguu yako inatoa wati 180 bila kuchoka, kazi hiyo ya kupambana na mvutano wa dunia pekee ni dakika 34 hivi. Punguza kilo 1, unaokoa kama sekunde 22.

Sekunde 22 kwa kilo nzima. Kwa anayeshindana, hiyo ni tofauti ya kufika na kundi au kufika peke yako. Kwa anayepanda Jumapili akaangalie kreta na kula mahindi ya kuchoma, ni muda wa kufunga kamba za viatu. Na ukumbuke lita 1 ya maji ni kilo 1. Nimemwona jamaa akijisifu kwa boliti za titani zilizompunguzia gramu 40, mgongoni amebeba lita 3 za maji kwa safari ya saa 1.

Sasa upande wa mguu. Tairi linapobingirika hubonyea na kurudi, na kila kubonyea kunakula nishati kidogo. Kwenye murram ngumu, tairi pana lenye meno makubwa na upepo mdogo linaweza kukudai nguvu ya kuvuta ya gramu 15 kwa kila kilo 1 inayolikalia. Tairi lenye meno mafupi katikati, lililojazwa sawasawa, likakudai gramu 10. Gramu 5 zinaonekana kama mchezo. Lakini zidisha kwa kilo 94, kisha kwa mita 8,000 za njia, unapata karibu kilojuli 37, na hizo ni sawa na kubeba kilo 9 hadi ukingoni. Hakuna duka litakalokuuzia kilo 9. Pampu utaipata.

Nisije nikaeleweka vibaya, kujaza tairi hadi liwe kama jiwe si jibu. Kwenye lami, upepo mwingi unasaidia. Kwenye mawe na mizizi, tairi gumu linaruka badala ya kubingirika, na kila mruko ni nguvu inayokwenda juu ilhali wewe unataka kwenda mbele. Kwa tairi la upana wa inchi 2.1 na mtu wa kilo 76, mimi hukaa kati ya PSI 30 na 40 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), chini zaidi njia ikiwa ya mawe. Siku ile Bondeni nilikuwa na 18 nyuma, na nilikuwa nimeendesha hivyo kwa wiki nyingi nikiilaumu fremu.

Mzee hakuishia kwenye upepo. Aliipindua baiskeli, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Lilizunguka mara nne, likasimama kwa kusitasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Akafungua ekseli. Grisi iliyotoka haikuwa tena grisi, ilikuwa uji mweusi wenye mchanga. Husemwa kwamba jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, na vumbi letu ni majivu ya volkano, makali kama msasa. Alimwaga gololi kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi, akazihesabu, 9 upande huu na 9 upande ule, akazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuniwekea moja kwenye kiganja. Ilikuwa na vidonda vidogo, kama ngozi ya limau. "Hizi zimeliwa," alisema. Akaweka mpya, akapaka grisi, akakaza koni, zile nati zinazobana gololi, hadi gurudumu likaacha kucheza, kisha akazirudisha nyuma kidogo sana. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo ufundi. Ukikaza mno, gololi zinasagana; ukilegeza mno, gurudumu linayumba na koni zinaliwa upande mmoja.

Kwa haki, beringi nzima iliyopakwa vizuri hula nguvu kidogo mno, kwa hiyo kununua beringi za bei ya juu ili uwe mwepesi ni kujidanganya. Iliyokwama ndiyo mwizi. Kadhalika breki inayogusa rimu kidogo kidogo, na cheni. Cheni safi yenye mafuta hupitisha zaidi ya asilimia 95 ya nguvu ya miguu yako. Ya mchanga haifanyi hivyo, na tena inakula meno ya gia. Naomba tuache ile tabia ya kupaka cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya matatu. Inanasa vumbi lote kuanzia Lanet hadi Njoro.

Nilipomaliza kulipia gololi na grisi, nilipanda Menengai na baiskeli ileile ya kilo 15.3. Ilikuwa baiskeli nyingine.

Hata hivyo sikuacha mpango wa kupunguza uzito wa mkono. Baiskeli ya milimani si ya kuendesha tu, kuna mahali unaibeba begani, kuna kuirusha juu ya jiwe, kuna kuipandisha juu ya matatu. Kilo 3 unazisikia. Ila nilianza tofauti: sikununua kitu chochote kabla ya kukipima kile cha zamani kwenye mizani ya jikoni. Mama watoto alilalamika kuhusu grisi, na alikuwa na haki.

Mizani inafundisha haraka. Stendi ya chuma na lile sahani la plastiki nyuma ya gia vilikuwa karibu nusu kilo, na kuviondoa ni bure. Kengele na viakisi mwanga niliviacha. Kiti laini cha jeli, gramu 640, kilitoa nafasi kwa kigumu cha gramu 310, ambacho makalio yalikichukia wiki mbili kisha yakakizoea. Halafu sumaku. Nina kipande cha sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa, na huwa nakibeba nikienda kuchakura baiskeli za mitumba. Kikinata kwenye usukani au kwenye mti wa kiti, ule mrija unaoshikilia kiti, hicho ni chuma, na kwenye baiskeli za bei nafuu zenye fremu ya alumini hapo ndipo watengenezaji hupenda kuficha chuma, kimepakwa rangi nyeusi na kuandikwa maneno ya kisasa. Vyangu viwili vilikuwa gramu 520 na 560. Vya alumini nilivyovipata kwenye baiskeli iliyovunjika vilikuwa 270 na 290. Zaidi ya nusu kilo, kwa bei ya soda chache. Kabla ya kununua mti wa kiti pima kipenyo, kwa sababu tofauti ya milimita 0.4 inatosha kuufanya ukatae kuingia au ucheze ndani.

Tairi ndizo zilizoniadhibu. Yale ya waya yaliyokuja na baiskeli yalikuwa gramu 790 kila moja; ya kukunjwa, yenye uzi wa kevla pembeni badala ya waya, yalikuwa 580. Kuna imani kwamba gramu kwenye gurudumu ni sawa na gramu nne mahali pengine. Si kweli. Unapoongeza kasi, gramu iliyo kwenye rimu au tairi inabidi uisukume mbele na pia uizungushe, kwa hiyo inahesabika kama mbili, haizidi hapo. Unapopanda mlima kwa mwendo mmoja inahesabika moja tu, kama gramu nyingine yoyote. Lakini kwenye njia za milimani mtu anapunguza na kuongeza mwendo kila kona, ndiyo maana magurudumu mepesi huhisiwa haraka kuliko fremu nyepesi.

Tatizo ni kwamba tairi jepesi ni tairi ambalo mtu amepunguza mpira mahali fulani, na mahali penyewe huwa ni ubavuni. Nilishuka nayo ndani ya kreta, kwa ile barabara ya kwenda kwenye visima vya mvuke. Chini kule ni lava, baadhi yake nyeusi inayong'aa kama chupa iliyovunjika, nayo hukata vilevile. Nililisikia tairi la nyuma likipasuka, si pancha ya kawaida, ni mpasuko wa urefu wa kidole gumba ubavuni, tyubu imechungulia kama ulimi. Noti ya shilingi 50 iliyokunjwa mara nne, ikawekwa ndani kama kiraka, ilinipeleka mita 300 hivi. Zilizobaki nilitembea, jua la saa saba, baiskeli yangu nyepesi begani.

Tangu hapo nyuma kuna lile la gramu 790, mbele kuna la 580. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba uzito mkubwa na kugonga mawe ambayo la mbele limeshaepushwa. Na tyubu sijazipunguza hata gramu, kwa sababu ya migunga. Ukitoka Nakuru kuelekea Elementaita miiba imelala njiani kama misumari, na tyubu nyembamba ni kununua pancha kwa hiari. Wanaotumia tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya gundi ndani yanayoziba tundu lenyewe, wanaokoa gramu kadhaa kila gurudumu na miiba haiwasumbui sana. Hilo nalikubali, ila rimu na tairi lazima viwe vya aina hiyo, na maji yenyewe hukauka baada ya miezi michache, unayaongeza.

Punguzo kubwa kuliko yote lilikuwa mbele, kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu. Baiskeli nyingi za bei ya chini huja na foki ya shoku ya springi ya chuma, na yangu ilikuwa gramu 2,600. Ilikuwa shoku kwa jina. Springi ilikuwa imeshika kutu ndani, ukigonga jiwe haishuki, ukikanyaga kwa kusimama ndipo inacheza. Niliibadilisha na foki kavu ya chuma, isiyo na shoku, gramu 1,250. Kilo 1 na zaidi kwa mkupuo mmoja, na kazi iliyokuwa ikifanywa na shoku mbovu sasa inafanywa na tairi la mbele lenye PSI 28.

Hapa ndipo watu huharibu baiskeli, kwa hiyo nitakawia kidogo. Foki ya shoku ni ndefu kuliko foki kavu ya kawaida. Ukiweka fupi, pua ya baiskeli inashuka, usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka kupita kiasi, na kwenye mteremko mkali unajihisi unataka kumwagika mbele. Sentimita 2 za urefu zinatosha kubadilisha pembe ya shingo kwa karibu digrii 1, na digrii 1 utaisikia. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi mahali foki inapokutana na fremu, ukiwa umeikalia baiskeli ili shoku ishuke kidogo, halafu tafuta foki kavu yenye urefu unaokaribia huo. Zipo zilizotengenezwa makusudi kuchukua nafasi ya shoku. Angalia pia unene wa shingo ya foki, ule mrija unaoingia kwenye fremu, nyingi ni inchi 1 na 1/8 lakini za kisasa hupanuka chini, na kama breki zako ni za diski, foki mpya iwe na mahali pa kuzifunga. Na kama shoku yako ni ya hewa na inafanya kazi, iache. Kwa mtu anayeshuka kwa kasi, kuiondoa ni kujikata mkono ili upungue kilo.

Gia sikugusa. Mtindo wa sasa ni kuondoa gia mbili za mbele pamoja na mashine yake ya kubadilishia, ukabaki na moja, na unaokoa kama gramu 400 au 500. Lakini kaseti kubwa, yaani fungu la gia za nyuma, unayohitaji inarudisha sehemu ya uzito huo. Gia yangu ndogo ya mbele ina meno 22 na kubwa ya nyuma 34. Ili nipate wepesi huohuo kwa gia moja ya meno 30 mbele, nyuma nahitaji 46, na hapo tunazungumzia kaseti mpya, cheni mpya na mashine mpya ya nyuma. Kwa mtu ambaye fundi wake ana spana za kawaida na vipuri vya kawaida, gia tatu za mbele bado zina maana.

Kuhusu fremu, watu huuliza kana kwamba alumini ni nyepesi na chuma ni kizito, basi. Alumini kweli ina theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini pia ina theluthi moja tu ya ukakamavu wake. Ndiyo maana mirija ya fremu za alumini ni minene, kwani unene wa mrija huongeza ukakamavu haraka kuliko unavyoongeza uzito. Chuma cha kromoli nacho si chepesi kuliko chuma cha geti. Kina nguvu zaidi, hivyo mrija wake unaweza kuwa na ukuta mwembamba, na wepesi unatoka kwenye wembamba huo. Fremu nzuri ya kromoli inaweza kuishinda fremu mbovu ya alumini kwenye mizani, na hapo sumaku yangu haisaidii, maana inanata kwenye kromoli sawa na kwenye chuma cha kawaida. Inua kwa mkono. Karboni ya mitumba siinunui. Ikipata mpasuko ndani haionyeshi nje, nami sina macho ya eksirei.

Vitu ambavyo sipunguzi ni breki, boliti za usukani, na usukani wenyewe zaidi ya hapo ulipo. Alumini, tofauti na chuma, huendelea kuchoka kwa kila mtikisiko hata mdogo, na usukani mwembamba wa mitumba umeshatikiswa na watu usiowajua. Mashindano ya barabarani yenyewe yana kikomo, UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, iliweka kilo 6.8 tangu mwaka 2000, baiskeli haishuki chini ya hapo. Kuna vijana wanaotoboa matundu kwenye vyuma ili vipungue. Usipande nyuma yao kwenye mteremko.

Baiskeli yangu sasa ni kilo 12.4. Kwa hesabu ile ya sekunde 22, Menengai imenipa dakika 1 na sekunde chache. Niliipeleka Bondeni aione. Mzee aliiinua kwa mkono mmoja, akaishusha, hakusema kitu. Akashika gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa kidole, akainamisha sikio.

"Vumbi limerudi," alisema. "Niachie hadi kesho."